Neno Alilonyimwa Mase

Ukifika Mabawe ukauliza kwa Petronila, watu watakuonyesha njia huku wanacheka. "Unaenda kwa yule wa mdomo? Haya, ziba masikio." Ukimwona mwenyewe hutaamini. Ni mwembamba, macho yake ya upole, na anatembea kama anayeogopa kukanyaga kifaranga. Migomba yake imepaliliwa vizuri kuliko ya jirani yeyote. Na mdomo wenyewe, jamani, haukuwa wa watu wote. Sisi wengine alitusalimia vizuri na kutuulizia wa nyumbani. Mdomo ulikuwa kwa mtu mmoja tu, binti yake wa pekee.

"Wewe Mase, kichwa kama chungu, njoo ule."

"Mase, bado umelala? Hata nguruwe wa katekista ameshaamka."

Mase ni jina la mavi mabichi ya ng'ombe, yale ya zizini asubuhi. Ndilo jina alilomwita binti yake tangu alipozaliwa. Kanisani mtoto alibatizwa Deodata, na shuleni aliandikishwa Deodata, lakini kinywani mwa mama yake jina hilo halikupita hata siku moja.

Sogeeni basi, niwaeleze mdomo ule ulitoka wapi na ulimfikisha wapi mwenye nao.

Petronila alipoolewa na Leonidas alikuwa na maneno matamu mpaka wanawake wenzake wakawa wanamtania. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alimwita mfalme wangu, moyo wangu, tumbo langu. Alipalilia akimwimbia, na njia nzima ya kisimani tulimsikia. Mtoto alikufa kabla hajajua kukaa. Wa pili akamwita kipenzi, naye hakumaliza msimu wa mvua. Wa tatu, msichana, aliishi mpaka akaanza kutembea, na Petronila akampa maneno ya wote watatu. Homa ilimwanza asubuhi, na jioni wakamzika migombani kando ya ndugu zake.

Baada ya matanga, mama mkwe wake, Bibi Ineza, alimwita jikoni.

"Kosa ni lako," akamwambia. "Unasimama uwanjani unatangaza mzuri wangu, mzuri wangu. Unadhani kifo hakina masikio? Kinasikia, kinasema, hebu nikakione hicho kizuri."

"Kwa hiyo, mama, nisiwapende?"

"Nani kasema usipende? Penda ukiwa umefunga mdomo."

Wazee wa kwetu wana njia yao kwa mwanamke ambaye watoto wake hawakai. Kitovu cha mtoto kikishadondoka, wanamchukua na kumlaza juu ya jani la mgomba kwenye jalala, nyuma ya zizi. Mama anaingia ndani na kufunga mlango. Kisha jirani waliyekubaliana naye anapita, anajifanya ameshtuka. "Jamani, nani katupa takataka hii?" Anaiokota. Tangu hapo mtoto ni wake, na mama anarudishiwa amnyonyeshe tu, kama mtu anayelelea mwenzake. Mtoto anapewa jina la uchafu ili kifo kikipita kizibe pua kiende zake. Mama haruhusiwi kusema mwanangu, wala neno lolote la kubembeleza, mpaka jino la kwanza la utoto ling'oke. Siku hiyo baba anapika rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mama anabeba jembe jipya mpaka kwa aliyeokota. Anasema mbele ya mashahidi, "Nimekuja kumchukua mwanangu." Basi, yamekwisha. Jina la uchafu linaachwa hapohapo.

Binti alipozaliwa ndivyo walivyofanya. Aliyeokota alikuwa Rozina, jirani wa kushoto. Wanawe walikuwa wamehamia Mwanza hawarudi hata Krismasi, na nyumba yake ilikuwa kubwa, ina mwangwi. Alimwokota mtoto vizuri. Alimpangusa inzi usoni, akamfunga kanga, akamkabidhi Petronila dirishani.

"Ninyonyeshee mwanangu," akasema, na wote wakacheka kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Petronila akafunga mdomo.

Ndugu zangu, Kiswahili sisi tumekijulia shuleni na sokoni, na kimetuletea maneno ya kupendana mengi kuliko tunavyoweza kuyatumia. Upendo tunausikia kanisani. Mapenzi tunayasikia kwenye nyimbo za Hiace ya kwenda Ngara mjini, na huba na mahaba kwa watangazaji wa redio. Huruma ukiwa na bahati unakutana nayo zahanati. Lakini mwanamke anayeamka alfajiri apashe sweta la shule juu ya moto, lisimguse mtoto likiwa na baridi, kisha analirusha kama anamtupia mbwa mfupa, "Vaa, we uvundo," huyo tulipe jina gani lile alilofanya? Anayeficha kipande cha nyama chini ya ugali, mtoto akikikuta anaambiwa, "Kumbe kilidondokea humo, haya meza usiniangalie"? Nimelitafuta neno lake, sijalipata.

Mtoto akakua. Akapona kuhara, akapona malaria, akanenepa mashavu. Siku moja alijing'oa jino kwa uzi, akaja mbio amelishika kiganjani.

"Mama, ona!"

Petronila aliliangalia lile jino, akazunguka nyuma ya nyumba, akalia kwa furaha mpaka akakaa chini. Leonidas akafukia ndizi za rubisi ziive. Jembe likanunuliwa mjini. Lakini wiki ileile surua ikaingia ng'ambo ya bonde, na kila walipotoka nje walisikia vilio.

"Leonidas, tungoje kidogo."

"Jino si limetoka, mama?"

"Surua ipite kwanza."

Surua ikapita, ikaja homa. Homa ikapita, mto ukachukua mtoto wa mtu. Kila Petronila alipokuwa tayari, mahali fulani mtoto alikuwa anazikwa, na mahali fulani hapakosi. Rubisi ikanywewa na wapita njia. Jembe likachomekwa darini. Bibi Ineza akafariki, na baada yake hapakuwa na mtu wa kumshika Petronila mkono na kumpeleka kwa nguvu. Meno yote ya utoto yakang'oka, mengine yakaota, na mtoto bado alikuwa Mase. Jambo hilo halikuwahi kutokea kwetu. Watu wanaokota, watu wanakomboa. Yeye aliokotewa, hakukomboa.

Rozina angeweza kuja kukumbusha. Ilikuwa haki yake kuja na wazee na kusema, mchukueni mtoto wenu. Hakuja. Alikuja uani tu, jioni baada ya jioni.

"Mwanangu! Kipenzi cha Rozina! Hebu njoo nikupake mafuta, mguu umekauka hivi mpenzi wangu?"

Mtoto alikimbia. Petronila alikuwa ndani anasaga ulezi, na jiwe lilikuwa linaenda kasi.

Kisha shuleni wenzake wakamwambia, "Wewe uliokotwa jalalani!" Akarudi nyumbani na daftari kifuani.

"Mama, mimi ni mtoto wa nani?"

Petronila alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Watu waliokuwepo wanasema midomo yake ilitikisika.

"Kamuulize aliyekuokota."

Akaenda. Rozina alimpakata ingawa miguu ya mtoto ilishagusa chini.

"Nilikukuta jalalani, mwanangu. Umelazwa juu ya jani, unalia, inzi wamekuzunguka. Mama yako yuko ndani, mlango kaufunga."

Hapakuwa na uongo hata neno moja. Alibakiza sababu tu, akaimeza. Tangu siku hiyo Deodata akawa analala kwa Rozina siku nyingi kuliko kwao, na Petronila akawa anapeleka chakula cha jioni ng'ambo ya ua kwenye sahani iliyofunikwa. "Mpe huyo mlafi," anasema, halafu anaondoka.

Binti alimaliza kidato cha nne, akajifunza kushona, akafungua kibanda cha cherehani karibu na stendi ya Ngara. Hapo ndipo alipokutana na Danstan, kijana wa Kisubi kutoka Biharamulo, fundi wa malori pale Nyakanazi. Kijana mzuri, mikono yenye grisi na maneno machache. Posa ikaja, mahari ikakubaliwa, ng'ombe wakafika zizini kwa Leonidas, na sendofu ya kumuaga binti ikapangwa mjini.

Kwenye sendofu kuna blanketi la mama. Mnajua. Mama mzazi anaitwa mbele, anafunikwa blanketi jipya na upande wa mume, anakumbatiwa na binti, na watu wanapiga vigelegele. Maneno yakawa yanazunguka sokoni kwamba blanketi atafunikwa Rozina.

Petronila alilishusha lile jembe darini. Kutu alilisugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Leonidas akapika rubisi. Wakaenda wawili mpaka kwa Rozina, wakamkuta anajaribu kitenge cha sherehe mbele ya kioo.

"Jirani," Petronila akasema, "nimekuja kumchukua..." Akalihamisha jembe mkono wa pili. "Nimekuja kumchukua Mase."

Rozina alionja rubisi kwanza. "Tamu. Leonidas, mkono wako haujapotea. Mase gani lakini? Mimi humu sina Mase. Nina Deodata."

"Acha utani, Rozina," Leonidas akasema.

"Utani ninyi. Jino limeng'oka, limeota, limeanza kutoboka, jembe silioni. Leo ng'ombe wamefika ndio mnanikumbuka? Haya, Petronila, mimi si mtu mbaya. Sema kama wanavyosema wenzako. 'Nimekuja kumchukua mwanangu.' Ukisema, siku ya sherehe nakaa nyuma kabisa na wapishi, sigusi hata leso. Sema, nakusikiliza."

Petronila alishika mpini kwa mikono miwili. Nje kuku walikuwa wanagombana. Leonidas akamnong'oneza, "Sema, mama. Sema tu." Midomo ikafunguka, ikafunga.

"Umeona mwenyewe," Rozina akamwambia Leonidas, si kwa hasira. "Jembe liacheni hapo. Maharage yangu yanahitaji palizi."

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Maua ya plastiki, spika kubwa, upande wa Biharamulo wamevaa sare ya bluu. Deodata alikuwa kama picha. Mshereheshaji, kijana mmoja mwenye viatu vyekundu, akapaza sauti.

"Blanketi la mama! Nataka mama mzazi asimame, aje akizungusha kiuno!"

Rozina akasimama upande wa mbele. Na kule nyuma, karibu na masufuria, Petronila naye akasimama.

"Eh! Mama wawili!" akapiga kelele yule kijana. "Danstan kaka, pole, mahari umelipa nusu!"

Watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Deodata hakucheka. Alimpokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Atakayeniita mwanangu, huyo ndiye mama yangu."

Rozina akawahi kufungua kinywa. Deodata akamnyooshea kiganja. "Subiri, mama Rozina." Akatembea ukumbi mzima, gauni linafagia sakafu, mpaka kule kwenye masufuria, akamwekea Petronila kipaza sauti mkononi. Akabaki amesimama mbele yake. Mimi nilikuwa nimekaa upande ule. Yule binti alikuwa anamwangalia mama yake kama mtu aliye na kiu anavyoangalia kata ya maji mkononi mwa mwingine.

Spika ikapiga mluzi. Petronila alivuta pumzi, na wote tukaisikia.

"Mase," akasema. "Gauni linaburuza. Utaanguka mbele za watu, na hiyo miguu kama michi."

Ukumbi ulipasuka. Yule kijana wa viatu vyekundu alipiga magoti kwa kicheko. Deodata alichukua kipaza sauti, akakifuta kwa ncha ya shela yake taratibu, kama mtu anayefuta kitu kilichodondokewa na makamasi.

"Mama Rozina, njoo ufunikwe."

Vigelegele vikapigwa. Petronila akarudi kwenye masufuria, akaendelea kupakua wali kwa wageni.

Leonidas alimfuata binti yake nje, kwenye gari.

"Binti yangu, kuna jambo hujaambiwa. Mama yako..."

"Najua, baba. Jalala, jino, jembe. Nani Mabawe hajui? Niliambiwa na wenzangu nikiwa kidato cha pili."

Mzee akaushika mlango wa gari. "Sasa kama unajua, mbona umemfanyia hivi?"

"Nimemfanyia nini? Nimempa kipaza sauti. Nimemsubiri miaka yote aseme, nikasema labda leo, mbele za watu, ataona haya kunyamaza. Mimi ni mtu mzima, baba. Anaogopa nini tena?"

"Anaogopa ufe."

"Basi angeniacha nife nikiwa nimeitwa."

Akaingia kwenye gari.

Danstan alimpangia nyumba nzuri Nyakanazi, nyuma ya kituo cha mafuta. Mtoto wao alipozaliwa, Rozina ndiye aliyefuatwa na gari akakande mzazi na kuogesha mtoto. Petronila hakuitwa. Alingoja, akachoka, akapanda Hiace na mkungu wa ndizi na unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Aliteremka njia panda katikati ya malori, akauliza kwa fundi Danstan mpaka akafika. Yaliyotokea hapo nilisimuliwa na Danstan, aliyekuwa uvunguni mwa lori upande wa pili wa ua, na hakutoka.

Deodata alikuwa barazani amempakata mtoto.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba." Petronila akatua mzigo, akanyoosha mikono.

"Ngoja." Deodata akatandika kanga chini, katikati yao, akamlaza mtoto. "Sema kwanza. Kwangu mimi basi, sitaki tena. Sema kwake. Mwite mjukuu wangu mpenzi. Ukisema, mbebe, ukae hapa mwezi mzima, na mama Rozina nampandisha gari leo hii."

Rozina alikuwa mlangoni na taulo begani. Danstan anasema uso ulimbadilika, taulo likadondoka, hakuliokota.

"Na nisiposema?"

"Usiposema usirudi. Wangu hatakua akiitwa takataka."

Petronila alipiga magoti mbele ya ile kanga. Mtoto alikuwa mnene, amekunja ngumi, anatafuta kitu kwa mdomo. Jua lilikuwa linapanda baraza. Likafika miguuni pa mtoto, likafika kifuani. Deodata hakusogea. Rozina hakusogea. Petronila aliinama mpaka pua yake ikakaribia kichwa cha mjukuu, akanusa, midomo ikaanza kutengeneza neno. Danstan anasema alilala palepale chini ya lori akiomba Mungu.

"Chura wenu huyu jua linampiga machoni," Petronila akasema. "Mna macho ya kazi gani? Mwingizeni ndani."

Akainuka. Deodata alimnyakua mtoto, na sauti aliyoitoa, Danstan anasema, hajawahi kuisikia tena. "Toka! Toka kwangu! Na ndizi zako!" Mkungu ukatupwa nje ya ua, ukapasuka njiani. Unga ukafuata. Petronila alitembea juu ya unga ule mpaka stendi, miguu myeupe, na wapiga debe wakamwambia, "Bibi, umetoka kwenye mashine ya kusaga?"

Mtoto yule sasa anatembea, tena ana afya. Rozina yuko hukohuko Nyakanazi, nyumba yake hapa Mabawe imefungwa kufuli. Deodata akija Ngara kununua vitambaa hapandi gari kuja huku kwetu. Leonidas huenda kumwona, akirudi anakaa kimya, kwa sababu Petronila alimkataza kumsimulia.

Lakini wewe mgeni ukipita ukasema umetoka Nyakanazi, umemwona mtoto wa fundi Danstan, Petronila atatema mate pembeni. "Kumbe hilo dudu bado lipo?" Usimjibu vibaya. Atakusogezea kigoda, atakuwekea maziwa, na hatakuuliza kitu. Atakaa karibu yako anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, anangoja uendelee.